Mama, Uliniambia Wakati wa Matangazo

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake, na kwako sijui niulizeje, kwa hiyo nitakupa hali ya huku. Sifa ametimiza miaka minane na meno yote ya mbele yamesharudi. Neema hajambo. Sasa ni nesi kamili, anavaa sare ya bluu na kalamu tatu mfukoni, na wagonjwa wanamwogopa kidogo kama ulivyotabiri. Mimi nipo. Tunakaa Stratford nyumba ile ile, ghorofa ya tatu, lifti bado ina siku zake za kugoma, na lile kochi la kahawia tunalo ingawa Neema ameshalitangazia vita mara mbili.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea Jumapili iliyopita. Baada ya ibada Neema alizungumza na akina mama katika ukumbi wa nyuma wa kanisa, juu ya kujipima matiti na kuwahi hospitali. Wanaume tulitakiwa kupanga viti kisha tutoke. Nilikuwa bado nahangaika na meza ya mwisho, ile ambayo miguu yake haikunjiki, Neema alipofika kwenye habari zako. Akasema, "Mama yangu mzazi alikuwa nyumbani kwangu, chumba cha pili tu kutoka changu. Alikaa na uvimbe miezi, hakumwambia mtu yeyote. Hakumwambia mtu!" Akina mama wakaguna kwa uchungu. Mimi nikabaki nimeishika ile meza hadi mzee wa kanisa akaja kuniuliza kama naumwa mgongo.

Ulimwambia mtu, Mama. Uliniambia mimi. Miaka saba na zaidi nimelala na neno hilo kitanda kimoja na binti yako. Sasa nataka kumwambia, na naogopa kwamba nikimwambia nitampoteza. Wewe ndiye uliyenifunga mdomo, kwa hiyo nimeona nianze na wewe kabla sijaenda kwake.

Unakumbuka ulivyofika? Ilikuwa mwezi wa nane, wenyeji wa hapa wanatembea na kaptula, na wewe umevaa makoti mawili. Nilikusalimia nikitazama magurudumu ya sanduku lako. Kwetu Tabora hilo lilikuwa ndilo jambo la kufanya. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja wao anapinda. Nilikulia katika heshima hiyo na sikuwahi kuiona ina ugumu wowote, kwa sababu kwetu kuna nafasi. Ukimwona mkweo anakuja unazunguka nyuma ya nyumba, basi. Hapa nyuma ya nyumba ni ghorofa tatu kwenda chini.

Siku za wiki hazikuwa na shida. Mimi nilikuwa natoka alfajiri kwenda kufagia maofisi, Neema yuko chuoni, jioni anarudi na sauti yake inajaza nyumba. Shida ilikuwa Jumapili. Tukishatoka kanisani Neema alikuwa anaunganisha moja kwa moja kwenda zamu yake ya nyumba ya wazee, anarudi saa tatu usiku. Tulibaki watatu, mimi, wewe na Sifa wa miezi mitatu, vyumba viwili, sebule moja, na jiko ambalo watu wawili hawapishani bila kugusana. Ulikaa jikoni umeuegesha mlango. Mimi nilikaa sebuleni nimejikunja. Mtoto akawa ndiye karani wetu.

"Sifa, mwambie baba yako chai iko tayari."

"Sifa, mwambie bibi asante sana."

"Sifa, muulize baba yako kama nyumba hii inaruhusiwa kufunguliwa dirisha."

Maskini mtoto, shingo yake haijakaza, na tayari ana kazi ya kupeleka salamu. Neema alipotukuta hivyo mara ya kwanza alicheka akaegemea ukuta. Akasema, "Nyie wawili mtanifanya nirudi Tabora." Hatukuacha. Wewe hukuwa mtu wa kuacha jambo kwa sababu limechekwa.

Basi ikawa Jumapili moja mwezi wa tisa, saa kumi na mbili jioni, nikawasha televisheni kutazama mpira wa Wamarekani, ule wa kubebwa mkononi na kuangushana. Sikuwahi kukueleza nilivyoujua mchezo ule. Nilipofika London miaka ya tisini kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha glasi kwenye baa moja ya Wamarekani katikati ya mji. Kelele za mle ndani zilikuwa hazimwachi mtangazaji kusikika, kwa hiyo nilijifunza kwa macho tu, kwa kusoma namba na vijisanduku vinavyotokea kwenye kioo huku nimebeba trei. Mpishi mmoja alinifafanulia mawili matatu alipotoka kuvuta sigara. Yaliyobaki nilijisomea mwenyewe. Na nyumbani nilikuwa nazima sauti ili Sifa alale, kwa hiyo kwangu hakikubadilika kitu.

Nikasikia mlango wa jiko umefunguka kidogo. Halafu sauti yako: "Sifa, muulize baba yako, ule mstari wa njano wanaupaka saa ngapi na wanaufuta saa ngapi?"

Nilitaka kucheka nikajizuia. Nikamweleza Sifa, aliyekuwa amelala fofofo, kwamba ule mstari haupo uwanjani. Ni kompyuta inayouchora juu ya picha, ili sisi tulio nyumbani tuone timu yenye mpira inatakiwa kufika wapi. Wachezaji wenyewe hawauoni.

"Sifa, muulize, sasa wao wanajuaje?"

Nikasema pembeni kuna watu wameshika fimbo mbili zenye mnyororo wa yadi kumi, ndio wanaopima.

"Kumbe," ukasema, na safari hiyo hukumtaja Sifa. "Sisi tunaona wasichokiona wanaocheza." Ukarudi jikoni, lakini mlango hukuufunga.

Jumapili iliyofuata kiti cha jikoni kilikuwa kimehamia mlangoni. Ukaanza kusoma kisanduku cha chini, chenye majina ya timu kwa herufi tatu tatu, matokeo, na pembeni namba mbili zinazobadilika kila mara. Nikadhani umeelewa, maana hukuuliza. Baada ya nusu saa ukashindwa kuvumilia. "Sifa, mwambie baba yako hawa watu wanaonewa! Wanapewa daraja la kwanza, kumi, kabla hawajafanya lolote. Wakishajitahidi ndiyo wanashushwa la pili, sita. Wakijitahidi zaidi, la tatu, mbili. Ni upimaji gani huu?"

Ilinichukua muda kuelewa. Wewe ulikaa miaka ishirini kwenye ghala la tumbaku ukichambua majani kwa madaraja, la kwanza huku, la pili huku, la mwisho chini. Ulivyoona namba ya kwanza na ya pili mbele ya timu ukaona ni tumbaku. Na kwa kweli ukitazama kwa jicho la ghalani, Wamarekani wale walikuwa wanapunjwa vibaya sana.

Nikamweleza Sifa polepole. Timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi, na kila nafasi inaitwa dauni. Namba ya kwanza ni dauni ya ngapi, ya pili ni yadi zilizobaki. Moja na kumi ni mwanzo kabisa. Tatu na saba ni hali mbaya, umeshatumia mbili na umesogea yadi tatu tu. Nne na mbili maana yake ni nafasi ya mwisho, na wengi hapo hawajaribu tena, wanaupiga mpira mbali wawape wenzao. Wakifika kwenye ule mstari wa njano wanaanza upya, moja na kumi. Wakifika mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi sita.

Ukahesabu, kisha ukasema, "Basi namba kubwa ya kwanza ndiyo mbaya." Nikasema ndiyo. "Na ya pili ndogo ndiyo nzuri." Nikasema ndiyo. Hukuuliza tena juu ya hilo maisha yako yote, na ndani ya wiki mbili ulikuwa unaitaja kabla haijaandikwa. Mtu anaanguka, wewe unasema "mbili na nne," na kioo kinaandika mbili na nne.

Mwezi wa kumi ulikuwa umeshakaa kwenye kochi. Ncha ile na mimi ncha hii, Sifa katikati kwenye mto, sote tumeelekea televisheni. Sijui kama ulifikiri kama mimi, kwamba hapo hatukuvunja heshima yoyote, maana watu wanaotazama mbele hawatazamani. Nilikuwa sijawahi kukaa na mtu mzima wa ukoo wa mke wangu nikajisikia niko nyumbani. Na baba yangu mwenyewe tulikuwa hatuna la kuongea zaidi ya mvua. Na wewe tulikuwa na saa tatu nzima za kubishana.

Ulichukia ile saa inayorudi nyuma. "Dakika mbili zimebaki," nilikuwa nasema, na wewe unaenda kugeuza chapati, unarudi, zimebaki dakika moja na sekunde hamsini. Ulisema saa ya namna hiyo ingekuwa Tabora mkutano wa chama usingeisha hadi leo. Vile vistari vitatu vidogo chini ya jina la timu, vinavyoonyesha mara ngapi bado wanaruhusiwa kuomba mchezo usimame, ulivihesabu kwa wivu kama vyako. Kocha akitumia kimoja mapema ulimsema vibaya sana. Na waamuzi wenye mashati ya milia wakirusha kitambaa, kikatokea kile kisanduku cha njano cha kosa, ulikuwa unamgeukia Sifa na kumwambia, "Umeona? Nilisema."

Siku moja Neema alirudi mapema, akatukuta tumeinama mbele wote wawili tunalalamikia yadi moja. Akasimama na koti lake. "Mama, na wewe?" Ukajibu, "Ni tatu na moja, ngoja." Alicheka mpaka machozi. Aliniambia chumbani kwamba hajamwona mama yake akifurahi hivyo tangu baba yake afariki. Nililala nikijiona mkwe bora kuliko wote walioko Ulaya.

Sasa ile Jumapili.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, giza linaingia saa kumi jioni, mabomba ya kupasha nyumba joto yamewashwa na vioo vimeshika ukungu. Unajua ilivyokuwa lakini acha niseme, maana sijawahi kuisema kwa sauti wala kuiandika. Mchezo ulisimama, wakaweka matangazo ya biashara. Gari linapanda mlima, halafu mtu anakula kitu. Ulikuwa unamfunga Sifa nepi. Ukasema kwa sauti ile ile ya kila siku:

"Sifa, mwambie baba yako bibi ana kitu kifuani, upande wa kushoto. Alipotoka nyumbani kilikuwa kama punje ya hindi. Sasa ni kama kitunguu kidogo, na ngozi inavuta."

Nilitazama lile gari.

"Mwambie asimwambie mama yako mpaka amalize mitihani mwezi wa kwanza. Akijua ataacha chuo, namfahamu. Bibi hakuja huku kumwachisha mtu shule. Mwambie nimemwambia yeye ili mtu mmoja ajue, basi."

Nikasema, "Sifa, mwambie bibi nimesikia."

Hilo tu. Mchezo ukarudi, kikatokea kisanduku, na mimi nikasema kwa sauti, "Tatu na tisa." Sijui kwa nini. Wewe ukaitikia, "Hawafiki hao." Na kweli hawakufika.

Jumapili saba, Mama. Nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu kitu chochote. Jumapili saba tulikaa kwenye kochi lile tukisoma kila namba kwenye kioo, na hukurudia neno lile, nami sikukuuliza. Kuna usiku mmoja katikati ya wiki nilisimama mlangoni mwa chumba chetu nimeshafungua mdomo. Neema alikuwa amesinzia na kitabu cha fiziolojia kifuani, kalamu imechora mashuka. Nikazima taa. Nilijiambia neno la mama mkwe halivunjwi. Nilijiambia wewe ni mtu mzima unajua mwili wako. Nilijiambia mwezi wa kwanza si mbali.

Ulimwambia jioni ile ile alipotoka kwenye mtihani wa mwisho. Hukumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Nilikuwa sebuleni, nikasikia kilio chake jikoni, nikajifanya sijui analia nini, nikaenda kuuliza "Kuna nini?" kama mgeni. Hilo ndilo ninaloonea aibu kuliko yote, lile swali. Wewe ulikuwa umesimama karibu na jiko. Hukusema kwamba najua. Ulinilinda hapo hapo mbele ya mwanao, na mimi nikakubali kulindwa.

Hospitali walifanya walichoweza. Daktari alikuwa kijana mpole. Akasema saratani imeshafika kwenye ini na mifupa, na akauliza mara mbili imekuwepo muda gani. Ulisema hujui. Mwezi wa tatu ukataka kurudi kwenu, ukasema hutaki kufia mahali ambapo majirani hawajui jina lako. Neema akakusindikiza, mimi nikabaki na Sifa. Uwanja wa ndege nilikusukuma kwenye kiti cha magurudumu kutoka kwenye gari hadi pale wanapozuia watu. Nilikuwa nyuma yako, naona kitambaa chako cha kichwa na mabega, basi. Ulipofika pale ukainua mkono wa kulia bila kugeuka. Nikasema, "Safari njema, Mama." Ukiacha salamu ya siku uliyofika na namba za mpira, ilikuwa mara ya kwanza kukusemesha bila kumpitia mtoto, na ilikuwa ya mwisho. Mwezi wa nne Neema akanipigia simu kutoka Tabora, mvua inanyesha juu ya bati, sikusikia maneno ila nilijua.

Mpira sijautazama tangu hapo. Watu wa kazini wananiambia siku hizi kuna timu zinaletwa kucheza hapa hapa London, wanauliza kama nataka tiketi. Nawaambia siufahamu mchezo huo. Mara moja nilipita dirisha la duka la televisheni kule Stratford Jumapili jioni, skrini kama ishirini, zote zina ule mstari. Nilisimama dakika nzima kwenye baridi. Nilikukumbuka, Mama. Nilitamani kusikia mtu akisema "mbili na nne" kabla haijaandikwa.

Hapa nimeiacha barua tangu Jumatatu. Leo ni Ijumaa, nimerudi kuimalizia, na mambo yamebadilika.

Nimemwambia.

Ilikuwa juzi Jumatano. Sifa alikuwa amekwenda kuogelea na shule, Neema alikuwa na siku ya mapumziko anakunja nguo kwenye kochi. Nikakaa. Nikasema, "Neema, ulisema kanisani Mama hakumwambia mtu. Aliniambia mimi." Akasimamisha mikono. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, matangazo, lile gari, kitunguu, mitihani, na maneno yako yenyewe nilivyoyakumbuka. Nilipofika "Sifa, mwambie baba yako" akafunika mdomo kwa soksi ya mtoto.

Alilia. Nilitegemea angenipiga au angetoka nje. Badala yake akafuta uso, akaweka mkono wake juu ya wangu. "Mama alikuwa hivyo," akasema. "Alikuwa anapanga watu kama anavyopanga majani yake. Alikuchagua wewe kwa sababu alijua huwezi kumkatalia. Mkwe atasema nini? Wewe ungefanya nini?" Akanibana vidole. "Siyo kosa lako, Baba Sifa. Umeubeba mzigo huu peke yako miaka yote hii? Siyo kosa lako."

Mama, ningeweza kuishia pale. Mkono wake ulikuwa wa joto, na nilikuwa nimesubiri maneno yale miaka saba. Niliona jinsi maisha yetu yangekuwa kuanzia siku hiyo, mepesi, na mimi nikiwa mkwe mwema aliyeponzwa na heshima. Kila kitu nilichomwambia kilikuwa kweli. Ila hakikuwa chote, na wewe unajua hakikuwa chote, nadhani ulijua tangu siku ile.

Nikamwambia, "Niliona."

Akauliza niliona nini. Nikamwambia kwamba kuanzia mwezi wa kumi na mbili ulikuwa humbebi Sifa kwa mkono wa kushoto. Akiwa upande huo ulimsogeza na goti kwanza, ndipo ukamnyanyua kwa wa kulia. Sikukutazama usoni lakini mikono niliiona, ilikuwa mbele ya macho yangu kila Jumapili. Nilijua unaumia. Nikaendelea kusoma namba.

Kisha nikamwambia lile la mwisho. Nikamwambia kwamba uliponikataza nisiseme, nilishukuru. Mbele ya lile gari linalopanda mlima, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Maana kama Neema angejua, angeacha chuo. Nani angekaa na Sifa? Mimi ningeachaje kazi? Tungeanza wapi tena? Ulikuwa unapika, unafua, unalea, unatuondolea shida zote, na nilitaka uendelee hadi mwezi wa kwanza. Heshima ilikuwepo, sikatai. Lakini niliishika kwa sababu ilinifaa.

Neema akauliza, "Ulishukuru?"

Nikasema, "Ndiyo."

Aliuondoa mkono wake. Hakuuvuta kwa hasira, aliuondoa tu, akaanza tena kukunja nguo, za kwake na za Sifa. Zangu aliziacha kwenye kikapu. Leo ni siku ya tatu. Ananijibu nikimuuliza, ananipakulia chakula, usiku analala ametazama ukutani. Sijui kama mkono ule utarudi, na sijamuuliza.

Sikuandikii ili unitetee kwake kama ulivyonitetea siku ile jikoni. Safari hii usinilinde. Nilitaka ujue tu kwamba mwanao sasa anajua, na kwamba ameambiwa na mtu aliyekuwa anamtazama machoni.

Pumzika, Mama.

Mkweo,
Baba Sifa